Jinsi ya kupata logi ya besi yoyote kwa kikokotoo au simu yako, kuanzia besi 2 hadi mkopo wa riba ya asilimia 20

Kikokotoo cha kisayansi cha kawaida kina vitufe viwili tu vya logi: log na ln. Cha kwanza ni cha besi 10. Cha pili ni cha besi e, namba inayoanza na 2.71828 na kuendelea bila mwisho.

Shida ni kwamba maswali ya darasani huja na besi 2, 3, 5 au 7. Maswali ya maisha ndiyo kabisa, huja na besi za ajabu kama 1.03 au 1.2. Mwanafunzi anatafuta kitufe cha besi hiyo, hakioni, anaishia kubahatisha.

Habari njema: huhitaji kitufe kingine. Hivyo viwili vinatosha kwa besi yoyote. Tukisema kikokotoo hapa tunamaanisha kalkuleta, siyo kile cha mafao ya wastaafu.

Jibu fupi kwa mwenye haraka

Chukua log ya namba, gawanya kwa log ya besi. Basi.

Mfano: logi ya 8 kwa besi 2 ni log 8 ÷ log 2. Kikokotoo kitakupa 3.

Ukitumia ln badala ya log, jibu ni lilelile: ln 8 ÷ ln 2 = 3. Sharti ni moja: juu na chini utumie kitufe cha aina moja.

Sasa kama una dakika chache, soma kwa nini inafanya kazi, ubonyeze vipi kwenye kifaa chako, na kwa nini mkulima wa pamba wa Binza anaihitaji kuliko anavyodhani.

Logi ni nini hasa?

Shule ya msingi tulijifunza vipeo. 2 kwa kipeo cha 3 ni 2 × 2 × 2, yaani 8. Hapo umepewa besi (2) na kipeo (3), unatafuta jibu.

Logi inageuza swali. Umepewa besi 2 na jibu 8, sasa sema kipeo ni ngapi. Ni 3. Kwa hiyo logi ya 8 kwa besi 2 ni 3. Logi ni kipeo kilichofichwa, hakuna uchawi mwingine.

Kwa lugha ya mtaani, logi inauliza: "Nizidishe namba hii mara ngapi ili nifike pale?"

Kwa nini kugawanya kunaleta jibu?

Fikiria kila kuzidisha kwa 2 ni hatua moja ya mguu. Kitufe cha log kinapima urefu wa hatua hiyo: log 2 ni 0.30103. Kinapima pia safari nzima ya kufika 8: log 8 ni 0.90309.

Safari ni 0.90309, hatua moja ni 0.30103. Hatua ngapi? Gawanya, unapata 3.

Ukipima kwa ln, hatua inakuwa 0.69315 na safari inakuwa 2.07944. Kipimo kimebadilika, lakini idadi ya hatua ni 3 ileile. Ni kama kupima shamba kwa futi au kwa mita: shamba haliongezeki.

Bonyeza hivi, kulingana na kifaa chako

1. Casio za zamani kidogo, kama fx-82MS na fx-991MS. Bonyeza: log 8 ÷ log 2 =. Jibu 3. Hizi hazifungui mabano zenyewe, kwa hiyo ukifuata mpangilio huo uko salama.

2. Casio za kizazi cha ES, kama fx-991ES. Ukibonyeza log, mashine inafungua mabano yenyewe. Ni lazima uyafunge wewe: log(8) ÷ log(2) =. Usipofunga, utaona balaa lake hapo chini.

3. Casio yenye kitufe cha log chenye visanduku viwili. Hicho kinapokea besi moja kwa moja. Andika besi kwenye kisanduku kidogo cha chini, namba kwenye kile kikubwa, kisha =.

4. Simu ya Android. Fungua programu ya kikokotoo. Kama unaona namba na alama za kujumlisha tu, tafuta mshale au kitufe cha kupanua ili vitufe vya kisayansi vijitokeze, au geuza simu ilale ubavu. Kisha andika log(8) ÷ log(2).

5. iPhone. Fungua kikokotoo, geuza simu ilale ubavu. Kama hakigeuki, angalia kama umefunga mzunguko wa skrini. Kitufe cha besi 10 kimeandikwa log chenye 10 ndogo.

6. Excel. Andika =LOG(8,2). Namba inatangulia, besi inafuata. Ukiandika =LOG(8) bila besi, itachukua besi 10.

7. Kitochi, au kikokotoo cha dukani kisicho na log. Bado hujakwama. Zidisha besi kwa yenyewe huku ukihesabu: 2, 4, 8. Umefika kwa hatua 3. Hupati desimali, lakini unajua jibu liko kati ya namba gani na gani. Kwa mambo ya mikopo, mara nyingi hiyo inatosha.

Makosa manne yanayorudiwa kila siku

Kosa la kwanza: kusahau kufunga mabano. Kwenye mashine inayofungua mabano yenyewe, ukiandika log(8 ÷ log(2 na kubonyeza =, inaelewa kwamba unataka log ya kila kilichofuata. Inakupa 1.4245. Jibu linaonekana zuri, lina desimali zake, lakini si lenyewe.

Kosa la pili: kugawanya kwanza, kisha kutafuta log. log(8 ÷ 2) ni log ya 4, yaani 0.602. Hicho ni kitu kingine kabisa. Tafuta log mbili, ndipo ugawanye.

Kosa la tatu: kuchanganya vitufe. ln 8 ÷ log 2 inaleta 6.9078. Ni sawa na kupima safari kwa mita na hatua kwa futi.

Kosa la nne: kupindua. log 2 ÷ log 8 inaleta 0.3333. Kumbuka, besi iko chini, na kwenye mgawanyo pia inakaa chini. Hapa kuwa makini na vifaa: Excel inataka namba kwanza, lakini Casio za ES ukiandika kwa mkato inataka besi kwanza, yaani log(2,8).

Na ukiona neno la kosa kwenye kioo, kama "Math ERROR", usiitupe mashine. Huenda umeiomba log ya 0 au ya namba hasi, na hizo hazina logi kwenye hesabu tunazotumia. Au umeweka besi 1. log ya 1 ni 0, na huwezi kugawanya kwa 0. Ukifikiri kidogo utaona mantiki yake: zidisha 1 kwa 1 hadi kesho, hutafika 8.

Hakiki jibu lako kwa sekunde tano

Rudisha jibu kwenye kipeo. Umepata kwamba logi ya 40 kwa besi 2 ni 5.3219? Bonyeza 2, kitufe cha kipeo, 5.3219, kisha =. Ikirudi 40 au karibu kabisa na 40, umepatia. Ikirudi kingine, rudia.

Hiyo 5.3219 ina maana yake mtaani. Mashindano ya mtoano ya timu 32 yanahitaji raundi 5, kwa sababu logi ya 32 kwa besi 2 ni 5 kamili. Timu zikiwa 40, jibu ni 5.3219. Hakuna raundi ya robo, kwa hiyo unapanda hadi 6, na baadhi ya timu zitapita raundi ya kwanza bila kucheza.

Sasa twende kwenye hela: mkopo wa kausha damu

Hapa ndipo logi inapotoka kwenye daftari na kuingia mfukoni.

Simiyu ni mkoa wa pamba. Anayelima anatumia hela tangu kuandaa shamba, kupanda na kupalilia, na msimu wa kununua pamba kwa kawaida hufunguliwa Mei. Kati ya hapo ada, matibabu na chakula havisubiri. Ndipo wengine wanakimbilia mikopo ya mtaani, ile inayoitwa kausha damu.

Tuseme riba ni asilimia 20 kwa mwezi, na usipolipa riba inaingizwa kwenye deni, mwezi unaofuata unatozwa riba juu ya riba. Deni linazidishwa kwa 1.2 kila mwezi. Swali: baada ya miezi mingapi deni litakuwa mara mbili?

Hii ni logi ya 2 kwa besi 1.2. Hakuna kikokotoo chenye kitufe cha besi 1.2, lakini sasa unajua dawa yake:

log 2 ÷ log 1.2 = 0.30103 ÷ 0.07918 = 3.80

Yaani kabla ya miezi minne kwisha. Tazama kwa shilingi. Umekopa 100,000. Baada ya mwezi wa kwanza ni 120,000. Wa pili 144,000. Wa tatu 172,800. Wa nne 207,360.

Aliyekopa Januari akingoja pamba ya Mei, anakutana na deni lililozidi mara mbili. Hata kabla hajapima kilo ya kwanza, nusu ya hela atakayolipa ni riba.

Riba ikiwa asilimia 10 kwa mwezi, watu husema "ni nusu tu, afadhali". Bonyeza: log 2 ÷ log 1.1 = 7.27. Deni linajizidisha mara mbili ndani ya mwezi wa nane. Afadhali ipo, lakini mwaka hauishi kabla hujalipa mara mbili.

Je, kama unataka kujua deni la 200,000 litafika 500,000 lini kwa riba hiyo ya asilimia 10? Kwanza gawanya 500,000 kwa 200,000 upate 2.5. Kisha log 2.5 ÷ log 1.1 = 9.61. Ndani ya mwezi wa kumi.

Angalizo muhimu. Siyo kila mkopo una riba juu ya riba. Wapo wanaotoza kiasi kilekile kila mwezi, mfano 20,000 kwa kila 100,000, bila kukiingiza kwenye deni. Hapo hakuna logi. Ni kugawanya tu: 100,000 ÷ 20,000, miezi mitano kufikia mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kuweka dole gumba, uliza swali moja: "Nikichelewa, riba ya mwezi ujao inahesabiwa kwenye hela niliyokopa au kwenye deni lote?" Jibu la swali hilo ndilo linakuambia utumie hesabu ipi.

Hesabu ileile inafanya kazi upande wa akiba. Hela iliyowekwa mahali panapolipa asilimia 7 kwa mwaka, na faida ikaachwa humo humo, inafika mara mbili baada ya log 2 ÷ log 1.07, sawa na miaka 10.24. Linganisha: deni la kausha damu linachukua miezi minne kufanya kile ambacho akiba inafanya kwa miaka kumi.

Ukitaka kukisia bila kikokotoo, gawanya 72 kwa asilimia ya riba. 72 ÷ 7 ni 10.3, karibu kabisa na 10.24. 72 ÷ 10 ni 7.2, karibu na 7.27. Kwa riba kubwa ya asilimia 20 inakupa 3.6, imepungua kidogo kuliko 3.80, lakini inatosha kukustua.

Watu wa Simiyu wataongezeka mara mbili lini?

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa 2012, makao makuu yakiwa Bariadi. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 1,584,157. Sensa ya 2022 ikahesabu 2,140,497.

Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata 1.351. Maana yake ndani ya miaka kumi idadi ilizidishwa kwa 1.351. Kasi ikibaki hiyo, itachukua vipindi vingapi vya miaka kumi kufika mara mbili?

log 2 ÷ log 1.351 = 2.30

Vipindi 2.3 vya miaka kumi ni miaka 23. Kuanzia 2012, hiyo ni kama 2035, mkoa ukiwa na watu takriban milioni 3.17. Kuanzia ile ya 2022, mara mbili inakuja karibu 2045, zaidi ya milioni 4.2.

Sema "kama kasi haitabadilika", maana uzazi, vifo na watu kuhama hubadilisha mambo. Lakini kwa anayepanga madarasa, visima au zahanati Maswa, Itilima au Meatu, miaka 23 ni kipimo cha kuanzia. Mtoto anayezaliwa leo atakuwa kijana wa miaka 23 wakati kila darasa la sasa litahitaji la pili kando yake.

Kama vitu vinapungua je?

Kanuni haibadiliki, ila besi inakuwa chini ya 1. Tuseme pikipiki ya bodaboda inapoteza asilimia 20 ya thamani kila mwaka. Inabaki na asilimia 80, kwa hiyo besi ni 0.8. Itafika nusu ya bei lini?

log 0.5 ÷ log 0.8 = 3.11

Log zote mbili zinatoka hasi, usishtuke. Hasi gawanya kwa hasi ni chanya. Miaka mitatu na kidogo. Kama mkopo wa pikipiki hiyo ni wa muda mrefu kuliko hapo, ujue kuna siku utakuwa unalipia kitu ambacho nusu yake imeshaondoka.

Kwa mwanafunzi: mtihani haukuruhusu kila kitu

Kwenye mtihani wa taifa wa kidato cha nne wa Hisabati ya msingi, kikokotoo hakiruhusiwi. Unatumia majedwali ya hisabati ya NECTA. Hisabati ya juu ya kidato cha sita inaruhusu kikokotoo kisichoingizwa programu. Soma maelekezo yaliyo juu ya karatasi kila mara.

Majedwali nayo ni ya besi 10, kwa hiyo kanuni ni ileile ya kugawanya. Jedwali la tarakimu nne linakupa log 8 = 0.9031 na log 2 = 0.3010. Ukigawanya unapata 3.0003. Hujakosea: ile 0.0003 imetokana na kukata desimali. Ndiyo maana swali likiwa na namba zinazokubali, usikimbilie jedwali.

Mfano, logi ya 32 kwa besi 4. Zote mbili ni vipeo vya 2: 32 ni 2 kwa kipeo cha 5, na 4 ni 2 kwa kipeo cha 2. Jibu ni 5 ÷ 2 = 2.5. Huna kikokotoo, huna jedwali, na jibu ni kamili.

Majedwali haya yana umri mkubwa. John Napier wa Scotland alichapisha logi zake 1614, na Henry Briggs wa Uingereza akatengeneza zile za besi 10 zilizoenea mashuleni. Kusudi lilikuwa kurahisisha kuzidisha na kugawanya namba kubwa kwa mkono. Leo simu inazidisha yenyewe, lakini swali la "mara ngapi" bado linahitaji logi.

Hifadhi hii kwenye simu yako

• Logi ya besi yoyote: log ya namba ÷ log ya besi.
• Deni au akiba kufika mara mbili: log 2 ÷ log ya (1 + riba). Riba ya asilimia 20 andika 1.2, asilimia 7 andika 1.07, asilimia 1.5 andika 1.015.
• Kufika mara tatu: weka log 3 mahali pa log 2.
• Kushuka hadi nusu: log 0.5 ÷ log ya kinachobaki.
• Kuhakiki: besi kwa kipeo cha jibu lako irudishe namba uliyoanza nayo.
• Jibu linakuja kwa kipindi kilekile cha riba. Riba ya mwezi inakupa miezi, riba ya mwaka inakupa miaka.

Hilo la mwisho lishike sana. Anayekukopesha anaweza kusema "asilimia 10" bila kutaja ni ya mwezi au ya mwaka. Kwa mwaka, mara mbili inakuja baada ya miaka saba na kidogo. Kwa mwezi, ni miezi saba na kidogo. Kikokotoo kitakupa 7.27 kwa zote mbili. Kuuliza ni ya mwezi au ya mwaka ni kazi yako, na uulize kabla hujasaini.